Mstari Uliomwangukia Mama

Harufu ya udi hunichekesha. Wenzangu wakiinusa hukumbuka harusi na maulidi; mimi hukumbuka Waraka kwa Warumi, mlango wa kumi na mbili. Juzi nilichukua gauni kwa fundi, nikalikuta limefukizwa, maana mkewe huwafanyia hivyo wateja anaowapenda. Jumapili nikalivaa kwenda kanisani. Mzee wa kanisa aliyekaa nyuma yangu alipiga chafya ibada nzima, nami nilijizuia kucheka mpaka mbavu zikaniuma.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukikaa Mji wa Kale, katika nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi nyembamba na mlango mzito uliokwaruza sakafu kila ulipofunguliwa. Sisi tulikuwa chini, vyumba viwili. Baba alifanya kazi gatini Mbaraki na alirudi na vumbi la shehena mpaka ndani ya masikio. Sisi ni Wataita, Wakristo wa tangu babu, na pale mtaani tulikuwa wageni. Wageni waliopendwa, lakini wageni.

Juu yetu alikaa Bi Nuru, mjane, peke yake. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alikuwa na shingo ya mtu asiyeomba kitu. Nyumba ilikuwa ya Bwana Athmani, mtoto wa marehemu kakake, mwenye duka la vyombo Mwembe Tayari. Nayasema haya mapema ili ijulikane mzani ulivyokuwa umelala: ukigombana na Bi Nuru umegombana na nyumba yenyewe.

Na Mama aligombana naye. Si kwamba walirushiana maneno. Mama alikuwa akipika mahamri na mbaazi za nazi kila alfajiri, jiko likiwa barazani, nje ya mlango wetu. Makarani, wachukuzi na watoto wa shule walipita wakanunua, na kufikia saa mbili sinia ilikuwa imebaki mafuta tu. Kila alfajiri mara tu karai linapoanza kuchemka, dirisha la juu lilifungwa kwa kishindo, paa! Vumbi la chokaa likatuangukia. Mama alitazama juu, akafuta unga, akasema, "Asante, jirani." Hakuwahi kupanda kumsalimu. Alisema hajaalikwa.

Kisha siku moja Bwana Athmani akaja, kwa adabu zote za Kimvita. Akauliza habari za Baba, za kazi, za huko kwetu milimani, akanywa maji, ndipo akasema.

"Mama Wakesho, shangazi yangu alalamika. Moshi wamwingia kifuani. Mimi sina la kusema, yule ni mzazi wangu. Mwezi huu ukiisha, ama jiko litoke ama mutafute mahali pengine. Nisamehe sana."

Jiko kutoka maana yake mahamri kufa. Mahamri yakifa, mshahara wa Baba peke yake usingetuweka kisiwani. Tungevuka kwenda bara tukaanze upya, na mimi ningeiacha shule niliyoizoea. Baba alisema tungojee tuone. Mama alisogeza kinu. Alichukua mchi akaanza kutwanga, na nakumbuka nilifikiri kwamba kinachotwangwa kwenye kinu kile si kitunguu saumu peke yake.

Sasa nieleze habari ya Alhamisi. Akina mama wa kanisa letu walikuwa na ushirika wao Tudor, katika nyumba ya Mama Mghoi, nesi mstaafu aliyekuwa na sauti ya kuamrisha watu wapanue kinywa. Kule hapakuwa na mahubiri. Mama Mghoi alikuwa na utaratibu wake: mlango mmoja wa Biblia husomwa kwa kuzunguka, kila mtu mstari mmoja kwa jinsi mlivyokaa, na mstari utakaokuangukia ndio wako wa wiki. Wiki ifuatayo unasimama na kueleza ulivyoutenda. Si ulivyouelewa.

"Maana zake tunazijua," alikuwa akisema. "Shetani pia anazijua. Niambieni mmefanya nini."

Utaratibu huu ulifanya wanawake wazima wawe wezi wa viti. Mlango ukishatajwa, macho yalikimbia chini ya ukurasa, vidole vikahesabu vichwa, na ghafla mtu akaona upepo unampiga, ahamie kule. Mstari wa kufurahi pamoja nao wafurahio uligombewa kama nyama ya sikukuu. Siku ile, Warumi kumi na mbili, nilikuwa nimekaa mkekani mbele ya miguu ya Mama. Niliona kidole chake kikihesabu pajani. Kikafika, kikasimama. Mama akanyanyuka.

"Naomba kwenda msalani," alisema.

"Nenda, Mama Wakesho," Mama Mghoi akajibu bila kuinua macho. "Tukifika kwako tutakungoja."

Wakamngoja kweli. Aliporudi, chumba kizima kimya, jirani yake amekwisha kusoma kwamba kisasi ni cha Bwana, Mama akakaa, akafungua, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma notisi ya kuhamishwa: kwamba adui yako akiwa na njaa umlishe, akiwa na kiu umnyweshe, kwa maana ukifanya hivyo utampalia makaa ya moto kichwani pake. Wanawake wakaguna kwa huruma. Habari za Bi Nuru walikuwa nazo zote.

Mimi sikuguna. Mimi nilifurahi.

Lazima ujue kupalia makaa ilikuwa kazi yangu nyumbani. Wali ukikaribia kuiva, unafunika sufuria kwa kifuniko cha bati, unachota makaa mekundu kwa koleo, unayapanga juu ya kifuniko mpaka wali ukauke na kufanya ukoko mtamu. Nilikuwa hodari wa hilo. Kwa hiyo mstari ule haukunitaka nifikiri hata kidogo. Niliuona mara moja: Bi Nuru na shingo yake, kichwani makaa yamepangwa vizuri, yanang'aa. Kilichonishangaza ni kwamba Mungu alikuwa amelisema wazi namna ile, na akina mama wakaguna badala ya kushangilia.

Jambo moja tu lilinitatiza, nikamuuliza Baba jioni alipokuwa akila.

"Baba, mistari yetu huwafanyia kazi Waislamu?"

"Mstari gani?"

"Ule wa makaa ya moto."

Baba alitafuna, akameza. Hakuwa mtu wa maneno. "Moto ni moto," akasema. Nikaridhika.

Asubuhi iliyofuata Mama alichagua mahamri manne, akayaweka kwenye sahani, akapakua mbaazi kwenye bakuli, akafunika. Alifanya hivyo kwa uso wa mtu anayemeza kwinini.

"Mpelekee Bi Nuru. Mwamkie, mpe, ushuke. Usikae, usiongee."

Nilipanda ngazi nikihesabu baraka. Bi Nuru alifungua mlango kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Mama ameniambia nikuletee."

Alifunua, akatazama kwa muda. Kisha akainama akanusa, polepole. "Mahamri haya hayana iliki ya kutosha," akasema, akapokea sahani na bakuli, akafunga mlango. Nilishuka nikamweleza Mama neno kwa neno, nikitarajia atafurahi kwamba moto umeingia nyumbani kwa adui. Mama alikaza midomo mpaka ikapotea.

Lakini alikuwa ameangukiwa na mstari, na Alhamisi ilikuwa inakuja. Kesho yake akapeleka tena, na akaongeza iliki, ingawa alidai ni kwa ajili ya wateja. Nami kila nilipopanda nilikikagua kichwa cha Bi Nuru kwa makini. Alikuwa akijitanda leso, kwa hiyo nilitafuta dalili: jasho kwenye paji la uso, kitambaa kilichoungua pembeni. Hakuna. Siku moja nilimwuliza kama kichwa hakimuumi. "Hakiniumi," akasema, akanitazama kwa shaka. Dirisha likaendelea kufungwa kwa kishindo vilevile.

Na tena sahani hazikurudi. Hapo ndipo Mama aliposhindwa kuvumilia. Ya kwanza hakuirudisha, ya pili hakuirudisha, bakuli zikafuata, mpaka sisi wenyewe tukawa tunakula kwa zamu. Kwetu Taita sahani ya jirani unaiosha unairudisha, basi. Mama alisema yule bibi sasa anatulaza njaa kwa vyombo. Alhamisi alipoulizwa ushuhuda, alisema amelisha na ameibiwa. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Mama Mghoi peke yake hakucheka.

"Mstari haukusema utarudishiwa sahani," akasema. "Endelea nao."

Jumamosi iliyofuata mtaa mzima ulikuwa na harusi. Ngoma zilikuwa zimeanza tangu asubuhi, na wanawake walikuwa wakipita na mabuibui mapya. Mama alinipa sahani ya mwisho iliyobaki nyumbani, ya bati, ile ya kutilia chumvi.

"Mpe. Halafu umwambie kwa heshima, Mama anaomba vyombo vyake."

Nikapiga hodi. Kimya. Mlango ulikuwa umeegeshwa, nikausukuma. Chumba kilikuwa na giza kidogo kwa vile madirisha yamefungwa, na katikati, juu ya kigoda, alikuwa amekaa Bi Nuru, ameinama, leso imemfunika kichwa na mabega mpaka magotini. Na moshi ulikuwa ukitoka kichwani mwake. Mweupe, mzito, ukipenya kwenye leso kila upande. Kwa chini, pale leso ilipoachana na sakafu, nikayaona makaa. Mekundu.

Siku zote nilikuwa nimeyangoja. Nilidhani nitafurahi. Alikuwa ni bibi mzee anaungua peke yake, hata halii, na miguu yake chini ya leso ilikuwa myembamba kama ya kuku. Pembeni ya mlango palikuwa na ndoo ya maji. Niliiinua kwa mikono miwili, sijui nilipata wapi nguvu, nikammwagia yote.

Makaa yakalia chaaa. Majivu yakaruka. Kutoka ndani ya ile leso ikatoka sauti ambayo nadhani hata bibi harusi aliisikia.

"Subhanallah! Nani? Nani huyu?"

"Ni mimi, bibi! Ulikuwa unaungua!"

Aliitupa leso. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa, ndefu, nyeupe, zinachuruzika maji, na uso umejaa majivu. Mbele yake palikuwa na chetezo cha udongo kilichozimwa, na ndani yake vipande vya udi vinaelea. Alikuwa akifukiza nywele zake kwa ajili ya harusi. Mimi kwetu sikuwahi kuona mtu akifanya hivyo.

"N'naungua wapi, mtoto weye? Una wazimu?"

"Makaa yamefika kichwani!"

"Makaa gani?"

"Ya Mama."

Akanitazama. Akajifuta jicho moja. "Hebu sogea hapa," akasema kwa upole ulionitisha kuliko ukali. "Nieleze."

Nikamweleza. Nililia na kueleza kwa pamoja: kwamba mstari umemwangukia Mama, kwamba adui ukimlisha unampalia makaa kichwani, kwamba kila sahani ilikuwa makaa, na kwamba mimi mwanzoni nilitaka ila sasa sitaki tena.

"Haya yameandikwa wapi?"

"Kwa Warumi."

"Na hao Warumi," Bi Nuru akauliza, "wamenijulia wapi mimi?"

Akasimama, akafungua dirisha, akaita kwa sauti ambayo mtaa mzima ungeweza kuisikia kama si ngoma. "Mama Wakesho! Panda juu!"

Mama alipanda na unga mikononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti kile. Alimwona Bi Nuru aliyeloa, akaniona mimi, akaiona ndoo, na kabla hajauliza Bi Nuru akasema:

"Mwanao asema wanilisha upate kunitoma kitwa kwa makaa."

Ningependa kusema kwamba Mama alieleza maana ya mstari vizuri, kwamba makaa ni ya moyoni, ya aibu na majuto, kama nilivyokuja kufundishwa baadaye. Mama hakueleza chochote. Ninachompendea marehemu mama yangu mpaka leo ni kwamba alikuwa mzito wa kusema uongo.

"Niliambiwa nikulishe, Bi Nuru, nikakulisha," akasema hatimaye. "Kukupenda bado."

Bi Nuru akainua nyusi. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa bei akaiona ya haki.

"Niwie radhi kwa mtoto," Mama akaendelea. "Utaichelewa harusi. Ngoja nikuletee makaa jikoni kwako nikukaushe nywele."

"Laa, wacha," Bi Nuru akasema haraka. "Usiingie jikoni."

Lakini Mama alikuwa amekwisha kuingia, nami nyuma yake, nimemshika gauni. Jiko lilikuwa pale. Majivu yake yalikuwa yameganda, na kwenye majivu mende alikuwa ametembea akaacha njia. Debe la unga lilikuwa limefunikwa kifudifudi, safi. Chungu kilikuwa safi. Kila kitu kule ndani kilikuwa kisafi mno. Mezani palikuwa na kawa, lile la kufunikia chakula, na Mama akalifunua. Nadhani alitaka kuona vyombo vyake tu. Vilikuwepo vyote. Vimeoshwa, vimepangwa, sahani juu ya sahani, bakuli ndani ya bakuli. Na kwenye sahani ya juu kabisa palikuwa na nusu hamri iliyofungwa kwenye kitambaa, hamri la asubuhi ya jana.

Mama alisimama na lile kawa mkononi. Bi Nuru alikuwa amefika mlangoni, nywele zinachuruzika.

"Sahani ya mtu hairudi tupu, Mama Wakesho," akasema. "Ndiyo ada yetu. N'tie nini?"

"Tangu lini?" Mama akauliza.

"Tangu mwenyewe, mume wangu, alipokufa, kidogo kidogo. Udi huu ni wake, ndio uliobaki, na makaa yale ya mwisho n'liyawasha papo chetezoni. Leo pana pilau, nami siwezi kwenda kula pilau ya watu nikinuka jasho."

"Na Athmani?"

"Athmani ana wake na wana. Huja akaniuliza hali, nikamwambia alhamdulillahi. Wataka nimwambie nini, nina njaa?" Akakamua maji nyweleni. "Moshi wako haukuwahi kunikera. Ni harufu. Usiku nalala na tumbo tupu, kisha alfajiri yapanda harufu ya mahamri. N'lifunga dirisha, ikapita kwenye ngazi. Nikaona heri muhame."

Tangu siku zile nimehubiriwa mstari ule mara nyingi, na watu waliosoma na wasiosoma. Wote hushughulika na makaa. Kwamba ni toba, kwamba ni aibu, mmoja alisema ni desturi ya Misri. Sijamsikia hata mmoja akiuliza kama yule adui alikuwa na njaa kweli. Sisi pia hatukuuliza. Tulikuwa tumepanda na kushuka ngazi zile na sahani mkononi, na njaa ndilo neno pekee kwenye mstari mzima ambalo halikuhitaji kufafanuliwa.

Mama alishuka. Nilidhani amekasirika. Akarudi na sufuria ndogo iliyojaa makaa ya moto kutoka jikoni kwetu, akayatia kwenye chetezo, akachambua vipande vya udi ambavyo havikuloa sana. Kisha akakaa nyuma ya Bi Nuru, akamkausha nywele kwa kitambaa, akazitenganisha, akazishikilia juu ya moshi fungu kwa fungu. Bi Nuru alifumba macho. Nywele zilipokauka, Mama alizisuka mikia miwili, kwa namna ya kwetu kwa kuwa hakujua nyingine, na Bi Nuru akasema zimekaa upande.

Alipokuwa anajitanda buibui, alimshika Mama mkono. "Neno hili lisishuke ngazi."

"Halitashuka," Mama akasema. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Alhamisi, Tudor, Mama Mghoi aliposema, "Mama Wakesho, mstari wako," nilinyoosha shingo. Nilijua tuna ushuhuda kuliko wote. Wiki ile mwenzetu mmoja alikuwa amepigiwa makofi kwa kumtembelea mgonjwa tu. Sisi tulikuwa na makaa ya kweli, na bibi, na harusi.

Mama akasimama. "Sikuutenda," akasema.

"Hata kidogo?"

"Nilidhani nautenda. Sikuutenda. Naomba nipewe tena."

Mmoja wa akina mama akanong'ona kitu, mwingine akacheka puani. Nilifungua kinywa, na kidole gumba cha Mama kikaniingia begani mpaka nikakifunga. Nilikereka sana. Nilimwona ametuangusha mbele ya watu, na njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Mama Mghoi alikuwa amemtazama kwa muda mrefu, kisha akasema haya, ni wako tena, na akaendelea na mwingine.

Nyumbani mambo yalibadilika bila kutangazwa. Sahani iliyopanda sasa ilikuwa ya mchana pia, wali na mchicha, na samaki Baba alipopata. Na sahani zikaanza kushuka. Hazikushuka tupu: siku moja asumini zimefungwa kwenye jani, siku nyingine maelekezo tu, kwamba nimwambie mama yangu nazi aikune mara mbili na tui la kwanza asilipike. Dirisha likabaki wazi. Bi Nuru alimwita mpwa wake akamwambia kifua kimepoa, jiko libaki.

Tulidhani yameisha. Mwezi ulipokwisha, Bwana Athmani akaja asubuhi, wateja bado wapo barazani, akiwa na uso wa mtu aliyeponzwa na ulimi wake.

"Mama Wakesho, shangazi ameniambia. Nashukuru. Lakini mimi nilikuwa nimeshampa mtu neno langu. Ataka kuweka duka hapa tini, vyumbani mwenu. Ameshakuja kupima. Nifanyeje, na nimeshampa neno?"

Mama aliacha kijiko ndani ya karai. Baba, aliyekuwa akifunga viatu kwenda Mbaraki, aliendelea kufunga kiatu kilekile. Jibu lilikuwa moja tu, na Mama alikuwa ameahidi halitashuka ngazi. Nilimtazama. Alikuwa ameyakaza macho kwenye mafuta na mahamri yalikuwa yanaungua.

Ndipo tukasikia ngazi. Bi Nuru alikuwa hashuki ovyo. Mara ya mwisho ilikuwa siku ile ya harusi. Alikuja polepole, mkono ukutani, akatokea mlangoni na leso yake kichwani, mbele ya wachukuzi na watoto wa shule na mwanamke wa nyumba ya pili aliyekuja kununua mbaazi.

"Athmani, huyu wamhamisha?"

"Shangazi, nilikuwa nimetoa neno. Na mwanzo ni wewe mwenyewe ulisema, kifua—"

"N'likudanganya. Sikuwa na kifua, n'likuwa na njaa." Alilisema kwa sauti ileile ya kusahihisha iliki. "Wakitoka hawa, mimi n'takula kwa nani?"

Mchukuzi mmoja aliyekuwa na hamri mdomoni aliacha kutafuna. Bwana Athmani alimtazama shangazi yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akaiona mikono, akaiona mifupa miwili iliyochomoza chini ya shingo.

"Kwani, shangazi," akasema taratibu, "wewe siku zote hizi wala wapi?"

Bi Nuru akavuta kigoda cha Mama, akaketi pale barazani, hadharani, akapokea sahani.

"Nala kwa Mama Wakesho," akasema, akaanza kula.